Dawa za presha na kisukari kuisha kituoni kila robo mwaka: tatizo ni bajeti au ni hesabu zetu?

Mkaguzi_wa_Stoo · #1
Wakuu, salamu. Nina hoja, naomba ipigwe msasa.

Kila tunapojadili upungufu wa dawa za magonjwa sugu, jibu la kwanza ni "fedha hazitoshi". Mimi nadai sehemu kubwa ya upungufu huo tunajiagizia wenyewe kwenye fomu ya maombi. Angalieni: kituo kimetoa vidonge 6,000 vya amlodipini (dawa ya presha) katika siku 90. Ndani ya siku hizo, rafu ilikuwa tupu siku 40. Mjaza fomu anaandika matumizi ya robo mwaka kuwa 6,000, na bohari inaleta 6,000. Lakini vidonge hivyo viliisha ndani ya siku 50, yaani 120 kwa siku. Mahitaji ya siku 90 ni 10,800. Robo inayofuata rafu inakuwa tupu tena, fomu inaandikwa 6,000 tena, na mchezo unaendelea.

Mtu wa homa akikosa dawa leo ataipata kwingine, wiki ijayo amepona na amesahau. Mwenye presha anataka kidonge kilekile kesho, mwezi ujao na mwaka kesho. Kwa hiyo kosa dogo la hesabu kwake halifutiki, linajirudia.

Swali langu: nani humu husahihisha siku za rafu tupu kabla ya kutuma maombi? Na kama mnasahihisha, mbona bado zinaisha?

Dada_Famasi · #2
Hesabu yako iko sawa, ila ina mwanya. Unapogawa kwa siku 50 unachukulia kwamba hizo zilikuwa siku za kawaida. Sivyo. Dawa ikirudi baada ya wiki kadhaa, watu hufurika: waliokuwa wamekosa, wanaotaka kujiwekea akiba, na wale wa vituo jirani ambavyo navyo vimekauka. Hiyo 120 kwa siku inaweza kuwa imevimba.

Rafu ikikaa tupu karibu nusu ya kipindi, takwimu za matumizi za kipindi hicho zitupwe. Hesabu watu. Mfano, wagonjwa 300 wanatumia amlodipini: 200 wako kwenye miligramu 5, na 100 wako kwenye miligramu 10. Kama stoo ina vidonge vya miligramu 5 pekee, hao 100 wanameza viwili viwili. Kwa siku ni 200 + 200 = 400, kwa siku 30 ni 12,000. Anayezidisha wagonjwa 300 kwa 30 anapata 9,000 na anapungukiwa vidonge 3,000 kila mwezi bila kujua vimekwenda wapi. Wengi wanaanguka hapo, halafu wanaanza kushuku wizi.

Bahasha · #3
Mnahangaika na kalamu. Fomu ikiandikwa 10,800 na ukomo wa bajeti ukatosha 6,000, mzigo utakaoshuka ni 6,000. Magonjwa ya kuambukiza yana wafadhili na mifuko yake ya kimataifa. Ya presha na kisukari yanategemea bajeti ya kawaida na mfuko wa mgonjwa mwenyewe. Hilo halisahihishwi na kikokotoo.

Mkaguzi_wa_Stoo · #4
Mkuu #3, sikatai. Lakini mwenye bajeti anaona nini mezani kwake? Anaona fomu ya 6,000 na hati ya mapokezi ya 6,000. Kwa macho yake kituo kimetimiziwa asilimia 100. Pengo ambalo halijaandikwa halitengewi fedha. Andika 10,800, pokea 6,000, tofauti ya 4,800 ibaki kwenye kumbukumbu. Hapo ndipo wewe na mimi tunakutana.

Tabibu77 · #5
Mnasahau sababu ya tatu, nayo iko kwenye kalamu ya daktari. Fungua rejista ya kliniki yoyote uhesabu ni dawa ngapi tofauti za presha zimeandikwa mwezi mmoja. Huyu atenololi, yule nifedipini, mwingine losartani, mwingine enalaprili, wa tano methildopa ilhali si mjamzito. Bajeti ileile inagawanywa kwenye dawa 9, kila moja kiasi kidogo, na kila moja inaisha kwa tarehe yake. Kwenye PEN ya 2016, mpango wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa magonjwa yasiyoambukiza kwa vituo vya ngazi ya msingi, walishasema wazi: chagueni utaratibu mmoja wa matibabu, kila mtu aufuate.

Kwa mfano: anza amlodipini 5. Mwezi mmoja baadaye presha bado 140/90 au zaidi, ongeza losartani au telmisartani. Bado? Panda dozi, kisha weka haidroklorothiazidi au klothalidoni. Dawa tatu zinabeba wagonjwa walio wengi, na unazinunua kwa wingi.

Nukta · #6
Sahihisho dogo kwa #5: PEN ni ya 2010. Ya 2016 ni HEARTS, mpango wa WHO wa magonjwa ya moyo na mishipa, na huko ndiko hoja ya utaratibu mmoja imekaziwa. Mengine uliyoandika yako sawa. Mwongozo wa WHO wa presha wa 2021 pia unapendekeza makundi matatu ya kuanzia: dawa za kuongeza mkojo za kundi la thiazidi, zile za kundi la enalaprili au losartani, na zile za kundi la amlodipini zinazofanya kazi muda mrefu. Unapendelea pia kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani, na vidonge hivyo viko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2019.

Tabibu77 · #7
Asante Nukta, nimezichanganya. Nikiongezea: enalaprili na losartani hazipewi pamoja. Zikiandikwa pamoja, mgonjwa anaongezewa hatari ya potasiamu kupanda na figo kuumia, na stoo inapoteza dawa mbili kwa kazi ya moja. Na zote mbili ni mwiko kwa mjamzito. Kwa hiyo methildopa isifutwe kabisa, ibaki kwa kina mama wajawazito na iagizwe kwa idadi yao.

Bahasha · #8
Kidonge cha dawa mbili kwa moja kinapendeza kwenye karatasi. Kikiisha, mgonjwa anakosa zote mbili siku moja.

Dada_Famasi · #9
Hapo Bahasha umegusa penyewe. Ndiyo maana anayehamia kwenye kidonge cha mchanganyiko aweke akiba ya dawa moja moja za viambato vilevile, angalau ya mwezi mmoja, na mtoa dawa awe na jedwali la kubadilisha lililobandikwa ukutani: kidonge kimoja cha mchanganyiko ni sawa na kipi na kipi, miligramu ngapi. Bila jedwali watu hubahatisha.

Muuguzi_Kiongozi · #10
Nasoma kimya tangu #1. Naomba niongeze sababu ambayo haimo kwenye fomu wala kwenye bajeti: nani anaruhusiwa kuandika na kutoa. Mara nyingi dawa imepangiwa ngazi ya hospitali, na mgonjwa anaishi jirani na zahanati. Akifika zahanati anaambiwa dawa yake si ya ngazi hii. Anasafiri, anapanga foleni nusu siku apate vidonge 30, mwezi ujao hivyo hivyo. Mwezi wa nne haonekani, na rejista inamwita mtoro.

Huyo mwongozo wa 2021 aliotaja Nukta unakubali wauguzi na wafamasia kutoa tiba ya presha, mradi wamefunzwa, wana kibali, wana utaratibu maalumu wa kufuata na wana daktari anayewasimamia. Mgonjwa aliyetulia hahitaji daktari kila mwezi. Mwongozo wenyewe unasema: mwezi mmoja baada ya kuanza au kubadilisha dawa hadi afikie lengo, kisha kila miezi 3 hadi 6.

Kidonge_Kimoja · #11
Naunga mkono #10. Na jibu la foleni ni kutoa dawa za miezi 3 kwa mkupuo kwa waliotulia, kama huduma za VVU zilivyofanya. Foleni inapungua kwa theluthi mbili siku hiyohiyo.

Mkaguzi_wa_Stoo · #12
Mkuu #11, wazo zuri, lakini vituo vingi huliua mwezi wa kwanza. Wagonjwa 300, kidonge kimoja kwa siku, kawaida unatoa 9,000 kwa mwezi. Ukiwapa wote miezi 3 siku moja unahitaji 27,000 mwezi huo. Hakuna stoo iliyojiandaa kwa hilo. Wagonjwa 100 wa kwanza wanashiba, waliobaki wanakosa, na mpango unalaumiwa.

Gawa makundi matatu ya watu 100. Mwezi wa 1: kundi A lipewe siku 90, B na C siku 30 kila mmoja. Hiyo ni 9,000 + 6,000 = 15,000. Mwezi wa 2: B lipewe siku 90, C siku 30, jumla 12,000. Mwezi wa 3: C lipewe siku 90, jumla 9,000. Mwezi wa 4 A wanarudi, na kuanzia hapo kila mwezi ni 9,000 kama zamani. Katika miezi mitatu umetoa 36,000 badala ya 27,000. Nyongeza yote ni vidonge 9,000, yaani mahitaji ya mwezi mmoja, na unaiomba mara moja tu. Iombe kabla ya kuanza.

Dada_Famasi · #13
Hii #12 inastahili kubandikwa kwenye mlango wa stoo. Nyongeza moja: angalia tarehe za mwisho wa matumizi. Usimpe mtu vidonge vya siku 90 ambavyo vimebakiza siku 60.

Uniti_Mia · #14
Mmeongea vidonge tu. Insulini ina hesabu yake, na ndiyo inayokosewa kuliko zote.

Chukua mtoto wa kisukari aina ya 1 anayetumia uniti 12 kwa siku. Mtu wa maoteo, yaani anayekadiria mahitaji ya mwaka, anazidisha: 12 × 365 = 4,380. Chupa ya mililita 10 yenye uniti 100 kwa mililita ina uniti 1,000. Anaandika chupa 5 kwa mwaka na kufunga faili. Chupa ikishatobolewa hutumika kwa takriban wiki 4, baada ya hapo iliyobaki hutupwa. Katika siku 28 mtoto ametumia uniti 336, zaidi ya 660 zinatupwa kihalali kabisa. Mahitaji yake ni chupa 1 kila siku 28, yaani 13 hadi 14 kwa mwaka. Na kama anatumia aina mbili, ya haraka na ya muda wa kati, kila aina ina chupa yake, kwa hiyo 26 au zaidi. Mtu wa maoteo ameagiza 5.

Kinachotokea baadaye mnakijua: familia inaendelea kuchoma chupa ya wiki ya 8, ya 10, sukari inapanda, mtoto anafika na asidi kwenye damu, halafu mama anaulizwa kama anamchoma sawasawa. Mama hana kosa hapo. Kosa lilifanyika kwenye jedwali, mwaka mmoja kabla.

Kwa watumiaji wa dozi ndogo, katriji (vichupa vidogo vya kuweka kwenye kalamu ya kuchomea insulini) za mililita 3 zenye uniti 300 hupunguza upotevu: uniti 12 kwa siku ni siku 25 kwa katriji, 15 kwa mwaka, karibu hakuna kinachotupwa. Lakini zinadai kalamu yake na sindano zake. Katriji bila kalamu haimsaidii mtu.

Nukta · #15
Nakazia #14, kisha onyo la hatari. Kuna insulini ya uniti 40 kwa mililita na ya uniti 100 kwa mililita, na kila moja ina bomba lake la sindano. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 hadi mstari wa 20, umevuta uniti 50. Ni mara 2.5, na sukari ikishuka kiasi hicho mtu anaweza kufa usingizini. Kituo kikipokea msaada wa mabomba, kazi ya kwanza ni kusoma maandishi kwenye bomba na kwenye chupa. Stoo moja isiwe na aina mbili.

Kidonge_Kimoja · #16
Kwa asiye na friji nyumbani? Au ndiyo asipewe chupa zaidi ya moja?

Uniti_Mia · #17
Chupa iliyofunguliwa haihitaji friji, ikae tu penye ubaridi wa wastani, pasipo jua, chini ya nyuzi 25 hadi 30 kadiri kijikaratasi chake kinavyosema. Zile za akiba ambazo hazijafunguliwa ndizo zinataka nyuzi 2 hadi 8. Asiye na friji anaweza kutumia vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, mchanga wenye maji katikati, kitambaa chenye unyevu juu, vikae kivulini penye upepo. Maji yakiyeyuka hewani yanavuta joto. Hufanya kazi vizuri kwenye hewa kavu. Kwenye unyevu mwingi faida ni ndogo, kwa hiyo weka kipimajoto ndani, usiamini mkono.

Na friji yenyewe si salama kila mahali. Chupa iliyogusana na sehemu ya barafu ikaganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Insulini ya haraka iliyopata ukungu, itupwe. Ile yenye rangi ya maziwa ikibaki na madonge au ikinata kwenye kioo baada ya kuzungushwa taratibu, itupwe pia.

Fundi_Vipimo · #18
Turudi nyuma hatua moja. Mnahesabu wagonjwa, lakini ni nani aliyewapima? Mkanda wa presha mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ukweli. Mpira wa ndani wa mkanda unatakiwa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Kituo kina mkanda wa saizi moja kwa watu wote. Mtu ameketi bila kuegemea, miguu inaning'inia, anaongea, ametoka kupanda ngazi, anapimwa mara moja, anaandikiwa dawa ya maisha. Apumzike dakika 5, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini, mkono uwe usawa wa moyo, anyamaze, apimwe mara mbili kwa kupishana dakika moja au mbili, na arudi siku nyingine kabla ya kuthibitishwa, isipokuwa akiwa juu sana au ana dalili.

Sehemu ya mahitaji yenu imetengenezwa na mkanda mbovu. Ndiyo hoja yangu.

Muuguzi_Kiongozi · #19
Fundi, wewe hata mvua ikinyesha utasema kipimo kimekosewa :) Lakini umesema kweli. Ongeza na stripu za sukari: mita ya aina moja haisomi stripu za aina nyingine. Mita za msaada zinakuja 50 na kopo chache za stripu, zikiisha mita zinalala kabatini. Na kopo lisiachwe wazi, unyevu unaziharibu. Nyingine zina ukomo wa siku baada ya kufunguliwa, uandike tarehe kwenye kopo.

Fundi_Vipimo · #20
Ndiyo maana ununuzi uanze na stripu, si na mita. Uliza kwanza stripu zitapatikana kwa miaka mingapi, na kwa wauzaji wangapi.

Shina_la_Mti · #21
Naona wote mnabishana kuhusu wagonjwa waliopo kwenye rejista. Ripoti ya WHO ya 2023 inasema watu wazima wenye presha duniani ni kama bilioni 1.3, karibu nusu hawajijui, na waliodhibitiwa ni kama 1 kati ya 5. Ukihesabu watu kama #2 anavyotaka, unawaagizia walioingia tayari. Siku mkipima kijiji kizima na kupata wapya 80, dawa za nani watakula? Maoteo yawe na mstari wa wapya, vinginevyo upimaji wenyewe unasababisha rafu tupu.

Dada_Famasi · #22
Nakubali mstari wa wapya. Lakini rejista nayo ina makosa ya upande wa pili, Shina. Waliohama, waliofariki na waliojiandikisha vituo viwili bado wamo. Ukiwaagizia wote, dawa zinaisha muda kwenye rafu na mwaka unaofuata mwenye bajeti anakukata. Mhesabu kama mgonjwa hai yule tu aliyechukua dawa ndani ya miezi 3 iliyopita, au ndani ya miezi 4 kama anapewa za siku 90.

Shina_la_Mti · #23
Na kama miezi 3 hiyo rafu ilikuwa tupu, nani angechukua? Umewafuta wote.

Mkaguzi_wa_Stoo · #24
Hapo ndipo mimi pia nakwama. Shina ana haki, na Dada ana haki.

Hewa_Safi · #25
Pumu haijatajwa hata mara moja. Vituo vingi vina salbutamo peke yake. Salbutamo hufungua njia ya hewa, haitibu uvimbe uliomo. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, uliacha kupendekeza salbutamo peke yake tangu 2019. Anayetumia kopo la mipulizo 200 kila mwezi yuko hatarini, na maoteo yenu yatasema "matumizi makubwa, agiza zaidi". Hapo takwimu za matumizi zinaagiza dawa isiyo sahihi kwa ufanisi mkubwa. Kinachotakiwa kuongezwa ni dawa ya kupuliza yenye steroidi, kama beklometasoni au budesonidi. Na spesa (chombo cha kuvutia dawa kutoka kwenye pampu) isiwe kisingizio: chupa safi ya plastiki ya mililita 500, toboa kitako kwa umbo la mdomo wa pampu, ziba kingo kwa plasta, mtoto avutie upande wa mdomo wa chupa.

Bahasha · #26
#25 umenisogeza kidogo. Basi bajeti ileile inaweza kununua zaidi tukiacha visivyohitajika. Vipi hivyo vya kuacha?

Tabibu77 · #27
Viwili vya haraka. Aspirini ya kila siku kwa mtu ambaye hajawahi kupata shambulio la moyo wala kiharusi: kwa wengi hatari ya kuvuja damu inakula faida. Aliyewahi kupata, asiachishwe. Pili, glibenklamidi, kidonge cha kisukari, kwa wenye zaidi ya miaka 60: orodha ya WHO yenyewe inasema haiwafai, kwa sababu sukari hushuka sana. Wahamishiwe glikilazidi. Hapo huokoi fedha za kidonge, unaokoa kulazwa.

Lakini usiache kitu kwa ghafla kwa sababu ya kubana matumizi. Fenobabitoni ya kifafa ikikatika ghafla huleta degedege lisilokoma. Atenololi ikikatika ghafla kwa mwenye ugonjwa wa moyo ni hatari vilevile. Hizo ziwekewe akiba ya tahadhari kubwa kuliko amlodipini, ambayo hukaa mwilini muda mrefu.

Kidonge_Kimoja · #28
Kwa hiyo amlodipini ikipungua tuwape siku moja ndiyo, siku moja hapana?

Tabibu77 · #29
Hapana. Nimesema inavumilia kusahau dozi moja, sikusema igawanywe. Ikipungua, wape wote dozi kamili kwa siku chache, yaani siku 10 badala ya 30, na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi. Au kama zipo za miligramu 10, zikatwe katikati kwa wa miligramu 5. Hiyo hukatika vizuri. Usikate wala kusaga nifedipini au metformini za kutoa dawa taratibu.

Mkaguzi_wa_Stoo · #30
Nimechukua #12, #14 na #27 kwa ajili ya mafunzo ya watunza stoo, shukrani kwenu. Swali la #23 bado halijajibiwa. Kwa kituo ambacho rafu ilikuwa tupu miezi 3 mfululizo, mgonjwa hai mnamhesabuje?

Muuguzi_Kiongozi · #31
Chukua orodha ya mwezi wa mwisho dawa zilipokuwepo, wapigie simu mmoja mmoja au mtume mhudumu wa jamii. Wagonjwa 300, watu wawili, wiki moja. Uliza maswali mawili tu: bado unatumia dawa, na unaipata wapi?

Bahasha · #32
Vocha ya simu hiyo iko kwenye kifungu gani cha bajeti?